Jirani amejenga ghorofa, wewe utajisitiri vipi? Mafunzo ya ua kutoka Kitengela

Mara ya kwanza nilipokwenda kumtembelea dadangu Kitengela, nilimkuta anaanika nguo uani kwake amevaa buibui na mtandio, saa nne za asubuhi, jua linawaka. Nikamuuliza kama ana safari. Akanijibu, "Safari ya wapi, kaka? Hebu angalia juu."

Niliangalia juu. Nyuma ya ploti yao palikuwa pamesimama jengo la ghorofa nne la nyumba za kupanga, na kila nyumba ina roshani yake inayotazama uani kwa dadangu. Kwenye roshani moja kijana alikuwa akipiga mswaki. Alipotuona tunamtazama alitupungia mkono. Hakuwa na ubaya wowote, ndipo anapopigia mswaki kila siku.

Kitengela iko katika kaunti ya Kajiado, kama kilomita 30 kusini mwa Nairobi, kwenye barabara ya kwenda Namanga. Watu wetu wengi wa Pwani wamehamia huko kwa sababu ya kazi za Nairobi na viwanda vya Athi River. Shemeji alinunua ploti ya futi 50 kwa 100, na siku aliponunua nyuma yake palikuwa na majani matupu na punda milia wakipita kwa mbali. Miaka michache baadaye dadangu alikuwa hawezi kuosha vyombo nje bila kujifunika kama anayekwenda mjini.

Kwetu sisi sitara si anasa ya matajiri. Surat Nnur, aya ya 27, inatukataza kuingia nyumba za watu bila kuomba idhini, na wanazuoni wametufundisha kuwa idhini hiyo imewekwa kwa ajili ya jicho. Lakini hata asiyekuwa Mwislamu anataka kukaa uani kwake na watoto wake bila kuwa tamthilia ya majirani.

Naandika makala haya kwa sababu familia yetu ilijaribu kutatua jambo hili mara mbili. Mara ya kwanza tulipoteza pesa nyingi na nusura tuue mtu, na lawama kubwa ni yangu mimi mwenye stashahada ya ujenzi. Ninayoyaeleza ni ya Kitengela na Kajiado, lakini msomaji wa Kisauni, Bamburi au Majengo aliyezungukwa na maghorofa atapata lake pia, isipokuwa pale nitakapozungumzia udongo.

Wazee walijisitiri vipi

Kiswahili chenyewe kinajua jambo hili. Ua, wingi wake nyua, ni kizuizi kinachozunguka nyumba, na pia ni ile nafasi iliyozungukwa. Ndipo tukapata neno uani: mahali pa kupikia, kufulia, kusukana na kuzungumza, ambapo mgeni wa kiume hafiki bila kupiga hodi.

Aliyetembea Mji wa Kale wa Lamu, ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, ameona kazi ya mafundi wa zamani. Nyumba zimebanana, vichochoro ni vyembamba, na bado ndani mtu yuko huru. Nje kuna daka lenye viti vya mawe, mgeni anakaa hapo. Ukivuka mlango unaingia tekani, kisha unakata kona ndipo ufike kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi kwa juu. Mlango ukiachwa wazi mchana kutwa, mpita njia haoni kitu. Kinachomzuia ni kona.

Nilipofika Kajiado nilishangaa kukuta fikra hiyo hiyo kwa Wamaasai. Boma lao, enkang, limezungukwa na matawi ya miiba, lakini ua ule ni wa kuzuia simba na fisi wasifikie mifugo. Sitara iko kwenye nyumba yenyewe. Nyumba ya jadi ya Kimaasai, ambayo hujengwa na wanawake, ina njia ya kuingilia nyembamba iliyopinda. Ukisimama mlangoni huoni kitandani wala mekoni. Watu wa mawe ya Lamu na watu wa udongo na samadi wa Kajiado, bila kushauriana, waliona kuwa jicho hukatwa kwa kupinda njia yake.

Sisi wa leo tumeisahau kona. Tukiona tunaangaliwa tunafikiria kitu kimoja tu: ukuta, na ukuta ukishindwa, ukuta mrefu zaidi.

Kwanza jua jicho linatoka wapi

Kabla hujamwita fundi, chukua kiti ukakae pale unapotaka kuwa huru: kwenye kamba ya nguo, kwenye meko, kwenye mkeka wa jioni. Zunguka na macho yako. Kila dirisha, roshani au njia unayoiona kutoka hapo, ndiyo inayokuona wewe. Yaandike. Kwa dadangu yalikuwa matatu: roshani za nyuma, njia ya miguu iliyopita ubavuni, na lango la mbele likifunguliwa.

Jicho la mpita njia liko kama mita 1.6 au 1.7 kutoka chini. Kizuizi cha mita 1.8 hadi 2 kinamtosha, mradi barabara haiko juu kuliko kiwanja chako. Jicho la ghorofani ni jingine kabisa, na hapo ndipo watu wanapoteza pesa.

Tupige hesabu. Mtu amesimama kwenye roshani ya ghorofa ya pili, sakafu yake ina mita 6 kutoka chini, jicho lake liko mita 7.6. Jengo lake liko mita 6 kutoka kwenye mpaka wako. Wewe umesimama mita 3 ndani ya mpaka, kichwa chako kiko mita 1.6. Ili ukuta wa mpakani ukufiche, lazima uwe na mita 3.6. Akiwa ghorofa ya nne, sakafu ikiwa mita 12, ukuta huo unatakiwa uzidi mita 5.5. Huo si ukuta wa nyumba tena, ni wa gereza.

Sasa chukua kizuizi hicho hicho ukisogeze, kiwe mita 1 tu kutoka uliposimama. Kwa yule wa ghorofa ya pili, mita 2.3 zinatosha. Kwa wa ghorofa ya nne, mita 2.9. Ukiweka kivuli juu ya kichwa chako, hata ghorofa kumi hazikuoni.

Kwa hivyo kanuni ya kwanza ni hii: jicho la barabarani lizuie mpakani, jicho la ghorofani lizuie karibu nawe.

Laiti ningeipiga hesabu hii mapema.

Ukuta wetu ulivyoanguka

Shemeji aliponipigia simu kusema anataka kujenga ukuta wa mita 3 kuzunguka pande tatu, aliniuliza msingi uwe kina gani. Nilikuwa Mombasa. Kichwani mwangu nilikuwa na mchanga na matumbawe ya Pwani, ambako ukichimba kidogo unagonga mwamba. Nikamwambia, "Futi mbili zinatosha, ukuta haubebi paa." Fundi naye alifurahi, maana futi mbili ni kazi ndogo.

Sikuwa nimeujua udongo wa Kitengela. Sehemu kubwa ya mbuga zile ni udongo mweusi wa mfinyanzi, ule mafundi wanaouita blakikotoni. Ukinyeshewa unafyonza maji na kuvimba. Kiangazi unasinyaa na kupasuka mianya inayoingia kiganja cha mkono. Mwaka mzima ardhi inapanda na kushuka. Nyumba nzito hukandamiza kidogo, lakini ukuta wa mpaka ni mwepesi, kwa hivyo udongo unaubeba na kuutua kama mawimbi yanavyofanya mtumbwi. Ile sababu niliyoitoa ya kupunguza msingi, kwamba ukuta haubebi paa, ndiyo hasa iliyotakiwa kunifanya niuongeze.

Mwaka wa kwanza zilitokea nyufa za ngazi kwenye viungo vya mawe. Tukaziba na saruji. Kisha zikaja mvua za Machi hadi Mei 2024, zile zilizofurika sehemu za Kitengela na kwingine nchini. Ukuta haukuachiwa matundu ya kupitisha maji. Maji yakajaa upande wa dadangu, udongo ukalainika, na usiku mmoja kipande cha kama mita 12 kikaangukia upande wa jirani.

Jirani huyo ni mzee wa Kimaasai aliyekuwa pale kabla ya sisi sote. Ubavuni mwa ukuta ndipo wajukuu wake hupita kwenda shule. Kama ungeanguka saa moja asubuhi, leo nisingekuwa na ujasiri wa kuandika makala. Uliua mbuzi wawili waliokuwa wamefungwa pale.

Nilisafiri nikaenda pamoja na shemeji kumuomba radhi. Tulilipa mbuzi. Mzee alitupokea kwa chai, akatusikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia, "Wewe kijana wa Mombasa, ukuta wako ulikuwa mrefu, lakini haukuwa na miguu." Nina umri wa zaidi ya miaka 40 na nilijihisi mtoto wa darasa la pili.

Ukilazimika kujenga ukuta kwenye udongo ule, fanya haya:

- Chimba shimo la majaribio kabla ya kukubaliana bei. Utaona udongo mweusi unaishia wapi na changarawe ngumu au mwamba unaanzia wapi. Kwa dadangu ilikuwa futi nne na nusu.
- Uondoe udongo mweusi wote kwenye mtaro wa msingi mpaka ufike chini pagumu. Usirudishe udongo ule kujazia. Tumia mawe na changarawe iliyoshindiliwa.
- Mwaga zege lenye nondo, na juu yake mkanda wa zege wenye nondo unaofunga ukuta mzima.
- Weka nguzo kila mita 3 hivi, na kila baada ya mita 6 acha kiungo wazi, ili kipande kimoja kikicheza kisivute kingine.
- Acha matundu ya maji chini ya ukuta. Maji ya mvua yana njia yake, na ukiifunga yatajitafutia nyingine.
- Usipande mti mkubwa karibu na ukuta. Mizizi hunyonya maji, udongo husinyaa upande mmoja, na ukuta huegemea.

Fikiria pia gharama. Ploti ya futi 50 kwa 100 ina mzingo wa futi 300, karibu mita 91. Ukuta wa mita 2 kuizunguka yote ni mita za mraba 182. Kwa jiwe lenye uso wa sentimita 40 kwa 20, unahitaji mawe kama 2,200, kabla ya kuhesabu msingi. Ndiyo maana nasema usizungushe kwa mazoea. Jenga palipo na jicho.

Ua wa miti: upi unafaa Kajiado

Ua wa mimea haupasuki udongo ukicheza, unapitisha upepo, na unapunguza vumbi. Ubaya wake ni kwamba unataka subira na maji. Kajiado ni nchi kavu. Mvua ni za misimu miwili, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Disemba, na kati ya Juni na Septemba ni ukavu na baridi ya usiku ambayo mimea yetu ya Pwani haiijui.

*Kayaba.* Huu ndio ua wa Kenya bara, na wengi huuita mchongoma. Jina kayaba limetokana na jina lake la Kiingereza, ambalo lilitokana na mto Kei wa Afrika Kusini, kwao mmea huu. Unastahimili ukame, una miiba mirefu, na ukikatwa vizuri unakuwa mzito kiasi kwamba kuku hapiti. Matunda yake ya njano ni makali, yanafaa kwa jemu. Panda mche mmoja kila sentimita 30. Upande wa futi 100 unataka miche kama mia. Ukitaka uzibe haraka, panda safu mbili za kupishana. Tegemea miaka mitatu hadi minne kabla haujakuficha. Na usisahau msemo wa mtaani, kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma: ukiwa na watoto wadogo, acha nafasi kati ya ua na mahali pao pa kuchezea.

*Bogonvilia.* Asili yake ni Amerika Kusini lakini Mombasa tumeifanya yetu. Unaipanda kwa vipande, inavumilia kiangazi, ina miiba na maua mwaka mzima. Peke yake hulala ovyo. Ipe wavu wa waya wa kupandia. Kwa anayetaka kuficha wavu aliokwisha kuuweka, sijaona mmea unaoushinda.

*Mnyaa.* Unaota kwa kuchomeka tu tawi, hautaki maji, mbuzi hawaugusi. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni unaunguza vibaya na unaweza kuharibu macho. Kwenye nyumba yenye watoto mimi siupendekezi. Ukiukata, vaa miwani na glavu, na simama upande upepo unakotoka.

*Saipresi.* Inapendeza na inaziba vizuri, lakini inataka maji zaidi, na ukiikata mpaka kwenye mti mkavu wa ndani haichipui tena pale. Ukikosea mkato mmoja, umebaki na tundu.

*Usipande.* Lantana ina sumu kwa mifugo na husambaa yenyewe mbugani. Mathenge tunaujua sisi watu wa Pwani kutokana na yaliyowapata wenzetu wa Tana River: ukiingia hautoki. Kumletea mfugaji mimea hii mpakani kwake ni kumfanyia uadui.

Upandaji wenyewe si mgumu. Chimba mtaro wa sentimita 45 kwa 45 mwishoni mwa Machi au mwanzoni mwa Oktoba, changanya udongo na samadi iliyooza, ambayo Kajiado haikosekani, na panda mvua zikianza. Mche ukifika magoti, kata ncha. Watu wengi wanaona uchungu kukata, wanauacha urefuke, matokeo yake wanapata ua mzito juu na uwazi chini, pale pale mbwa na jicho la mtoto vinapopita. Ukikata, acha chini pawe papana kuliko juu ili jua lifike kwenye matawi ya chini.

Maji ndiyo mtihani. Visima vingi vya huko vina maji ya chumvi, na miche michanga huungua. Dadangu alifanya jambo ambalo nimeliiga nyumbani kwangu: shemeji alitega bomba chini ya mahali pa kutawadhia, maji ya udhu yakaelekezwa kwenye mtaro wa miche. Nyumba ya watu watano, sala tano, kila siku. Kiangazi cha kwanza hakuna mche uliokufa upande ule.

Nguzo, wavu, mabati na neti

Miche ikikua, unahitaji kitu cha muda, na mbuzi wa jirani hawatasubiri miaka mitatu. Nguzo za mkaratusi zilizotiwa dawa na wavu wa waya wa chenlinki ndiyo njia ya kawaida. Nguzo ya zege hudumu zaidi. Kwenye udongo mweusi zika nguzo angalau futi mbili na nusu, na zile za pembeni zipe mihimili ya kuegemea, kwa sababu waya ukivutwa nguzo za kona ndizo zinazobeba kazi.

Mabati ni ya haraka na yanaziba kabisa. Lakini mbuga ya Kitengela ina upepo, na ukuta wa mabati ni tanga la jahazi: nguzo zikiwa dhaifu unang'oka mzima. Pia huwaka jua na kupiga kelele usiku.

Neti ya kivuli ya asilimia 80 ikifungwa kwenye wavu inakata jicho la barabarani kwa bei ndogo, na upepo unapita. Jua huila baada ya miaka kadhaa. Kufikia hapo mimea iwe imeshika nafasi yake.

Seng'enge haikupi sitara yoyote, inazuia tu kupita. Usiiweke upande wanapopita watoto au ndama.

Mpaka na sheria

Tafuta bikoni zako kwanza. Usiamini ua uliokuwepo wala maneno ya aliyekuuzia. Lipa mpimaji ardhi aliyesajiliwa akuonyeshe. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka kila mwenye ardhi atunze alama za mpaka wake, uwe ukuta, ua wa miti au bikoni, na kuzing'oa au kuziharibu bila ruhusa ni kosa la jinai. Sheria hiyo hiyo inasema mahakama haitasikiliza mzozo wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla msajili wa ardhi hajaamua mpaka uko wapi. Kwa hivyo ukigombana na jirani, mlango wa kwanza ni ofisi ya ardhi.

Ukuta wa kudumu ni ujenzi. Chini ya sheria ya mipango ya matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, ujenzi unahitaji idhini ya kaunti. Pita kwenye ofisi ya mipango ya kaunti uulize urefu unaoruhusiwa mtaani kwako kabla ya kununua jiwe la kwanza. Ua wa miti hauna usumbufu huo, lakini matawi yakivuka kwa jirani ni wajibu wako kuyakata.

Ua wako ni njia ya mwingine

Kuna jambo mtu wa Pwani akifika Kajiado halioni upesi. Ardhi ile ilikuwa wazi. Wamaasai walichunga kwa kufuata mvua, na chini ya sheria ya mwaka 1968 ardhi kubwa zilisajiliwa kwa vikundi. Ranchi ya Kitengela iligawanywa kwa watu binafsi mwishoni mwa miaka ya 1980, kisha mashamba yakauzwa vipande vipande mpaka yakafika kwenye ploti kama ya shemeji. Hifadhi ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, ilizungushiwa uzio pande nyingine, lakini kusini ikaachwa wazi ili wanyama watoke na kurudi kupitia mbuga za Kitengela. Miaka ya 1970 nyumbu wa mbuga zile walihesabiwa kwa makumi ya maelfu. Waliobaki ni sehemu ndogo tu.

Kuanzia mwaka 2000 palikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio na wasigawe. Na kijana wa huko, Richard Turere, alijulikana duniani mwaka 2013 kwa taa zake za kumwekamweka zinazowafukuza simba kwenye zizi. Watu wa pale wamekuwa wakitafuta namna ya kujilinda bila kuifunga nchi.

Mwenye ploti ya futi 50 kwa 100 mjini hatazuia nyumbu. Lakini anayenunua ekari tano kuelekea Isinya au kando ya hifadhi, afikirie. Zungushia nyumba na bustani, acha malisho wazi. Na hata kwenye ploti ndogo, uliza nani alikuwa akipita hapo.

Sisi hatukuuliza. Siku ile ya chai, mzee alitueleza kuwa njia ya ubavuni ilikuwa pana. Ukuta wetu ulijengwa kwenye bikoni barabara, kisheria hatukuwa na kosa, lakini ulibana njia mpaka mbuzi na watoto wakawa wanapita wameuegemea. Hakuwa amelalamika. Alisema, "Nilidhani nyinyi mnapenda hivyo."

Tulivyofanya mara ya pili

Upande wa mzee hatukujenga tena. Tulipanda kayaba mita moja ndani ya mpaka, tukaacha njia. Tuliandikiana mbele ya mashahidi kwamba hiyo ni ruhusa ya kupita tu na mpaka unabaki kwenye bikoni, ili watoto wetu wasije wakagombana na wajukuu wake. Samadi ya kupandia alitupa yeye.

Nyuma, ukuta ulijengwa upya wa mita 2 tu, safari hii na miguu ya futi nne na nusu. Mbele ya lango la kuingilia tuliweka kipande kifupi cha ukuta, mita 2 ndani, ili anayeingia akate kona. Fundi aliuliza ni wa nini. Nikamwambia ni wa Lamu.

Kwa ajili ya roshani, tulisimamisha chanja la nguzo mbele ya mlango wa jikoni, mita 3 kwa 5, urefu mita 2.4, na ubavu wa nyuma ukazibwa kwa fito. Juu tulifunga neti, kisha tukapanda pasheni mbili zitambae. Kamba za nguo ziko chini yake, na upepo unapita kwa hivyo zinakauka. Vyote hivyo, pamoja na miche ya kayaba, vilikula pesa kidogo kuliko kile kipande kilichoanguka.

Nilikwenda tena mwezi wa Januari. Kayaba imefika kifuani, bado ina mianya, na neti imeshikwa na vumbi. Dadangu alikuwa chini ya chanja anasuka nywele za binti yake, kichwa wazi, redio inaimba. Kijana wa roshani nilimsikia akipiga mswaki. Sikumwona, naye hakutuona.

Kabla sijaondoka aliniagiza nikija tena nimletee kipande cha asumini kutoka nyumbani. Nimemwambia baridi ya Julai huenda ikaiua. Akasema nilete tu, ataipanda karibu na ukuta unaopata jua.